Firauni Ni Nani? Usomaji wa Batini na Hofu ya Mucojo

Katika madarasa yetu ya fasihi ya Kiswahili kuna usomaji mmoja wa Kurani ambao hutajwa haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Ni usomaji wa batini, ule wa watu wa tarika, unaochukua kisa cha Mtume au amri ya sharia na kukiuliza kinasema nini juu ya nafsi ya huyo anayesoma. Tunapofika kwenye Al-Inkishafi, mhadhiri husema kwamba hapa pana athari za usufi, nasi tunaandika "athari za usufi" katika madaftari, kisha tunahamia kwenye vina na mizani. Nje ya darasa hali ni mbaya zaidi. Wenzetu wenye msimamo mkali wanauita uzushi. Wenzetu wanaojiona wa kisasa wanauita ndoto za wazee wenye tasbihi. Mimi nabishana na pande zote mbili, na naanzia Mucojo, kwa sababu huko suala hili limekwisha kumwaga damu.

Kwa asiyeijua, Mucojo ni makao ya tarafa katika wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Ukiipa bara kisogo unatazama bahari yenye visiwa: Matemo, na Ibo upande wa kusini zaidi. Jirani yake ni Pangane, kijiji cha wavuvi kilichokaa kwenye ulimi wa mchanga wenye minazi. Wenyeji wengi wa ukanda huo wa pwani ni Wamwani, na Kimwani chao Mswahili wa kaskazini akikipa masikio siku chache ataanza kukipata. Kwa upande wa mama, mimi ni mtu wa huko, ingawa nimekulia na kusomea upande huu wa mto Ruvuma. Babu yangu alifundisha Kurani watoto wa wavuvi, na baada ya isha alisoma na watu wazima wachache kwa namna nyingine, polepole, aya moja wiki nzima.

Vitabu vyetu vya kiada huchora uswahili kana kwamba unakoma Mtwara. Sijui nani aliamua hivyo. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria ya Msumbiji, mjini Maputo, zimo barua za karne ya 19 ambazo watawala wa pwani hii waliwaandikia Wareno kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Walioandika barua hizo walijifunza herufi zao chuoni, juu ya ubao wa Kurani. Kwao kuandika Kiswahili na kusoma kitabu kitakatifu ilikuwa kazi ya kalamu moja. Kwa hiyo anayeniambia kwamba tafsiri ya Kurani si jambo la idara ya Kiswahili, kwanza aniambie hao aliowaondoa katika Kiswahili amewapeleka wapi.

Sasa tuje kwenye damu. Mwishoni mwa mwaka 2015 vijana wa kikundi kipya cha dini walijaribu kuzuia pombe kwa nguvu pale Pangane, polisi wakaingilia, pakawa na mapambano. Kikundi hicho wenyeji wamekiita Al-Shabaab, ingawa si kile cha Somalia. Tarehe 5 Oktoba 2017 kilishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na tangu siku hiyo Cabo Delgado iko vitani. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikawaongezea watu msiba juu ya msiba, kikaangusha nyumba na minazi Ibo, Quissanga na Macomia. Mwaka uliofuata vita vikashuka pwani nzima, na mwezi wa Oktoba 2020 mashua zilikuwa zikishusha maelfu ya watu kwenye ufuko wa Paquitequete mjini Pemba. Januari 2024 wapiganaji waliingia tena Mucojo, safari hii wakakaa. Ripoti za wakati ule zilieleza kwamba walipiga marufuku pombe, wakatoa amri juu ya mavazi na nywele, wakanunua vyakula kwa wenyeji, na wakawaambia watu wasiogope.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kitako kuandika. Msiogope, anasema mwenye bunduki. Katika Kurani neno hilo waliambiwa Ibrahimu, Luti, Musa na mama yake Musa, na hakuna hata mahali pamoja ambapo anayelisema ameshika silaha.

Sisemi kwamba vita hivi vililetwa na tafsiri peke yake. Kuna gesi ya bonde la Ruvuma na rubi za Montepuez, kuna vijiji vilivyohamishwa kupisha mitambo, kuna wavuvi waliofungiwa bahari yao, kuna serikali iliyojulikana huko zaidi kwa virungu kuliko kwa zahanati. Anayeeleza vita vya Cabo Delgado kwa dini tu anawafanyia kazi wenye mikataba. Lakini umaskini haumfundishi mtu kuingia msikitini na viatu. Hilo lilitoka kwenye usomaji, na usomaji hujibiwa kwa usomaji.

Naam, viatu. Watafiti wa Msumbiji waliochunguza chimbuko la kikundi hiki baada ya shambulio la 2017 wamesimulia kwamba moja ya alama zake za mwanzo ilikuwa kuswali na viatu. Wazee waliona dharau. Vijana walikuwa na hoja yao: Mtume aliswali na viatu. Na ni kweli, hadithi hizo zipo, tena sahihi. Zipo pia zinazosema kwamba aliswali miguu mitupu, na ipo ile inayosimulia jinsi alivyovivua katikati ya swala baada ya kujulishwa kuwa vina uchafu. Vijana walichagua moja wakaigeuza bendera. Kiatu kikawa kipimo cha nani Mwislamu wa kweli na nani amerithi dini ya babu tu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana kitabu kidogo kiitwacho Mishkat al-Anwar. Humo anafika kwenye Sura Twaha, pale Nabii Musa anapokaribia moto na kuamriwa avue viatu vyake. Ghazali anavisoma viatu hivyo viwili kuwa ni dunia mbili, hii tuliyomo na ile tunayoisubiri: anayekaribia aziache zote mbili mlangoni, pamoja na hesabu ya malipo yake. Kisha anasema jambo ambalo wapinzani wa batini hawapendi kulifikia. Musa, anasema, alivua pia viatu vya mguuni, kwa maana ile ile unayoijua wewe na mimi. Anayefuta dhahiri amepotea, anayefuta batini naye amepotea, na aliyekamilika ni yule anayezishika zote mbili.

Weka sasa masomo haya mawili sako kwa bako. Kijana wa kikundi akimaliza kusoma anatazama chini: miguu ya jirani yake ina nini? Ghazali akimaliza kusoma anajiuliza ni kitu gani hasa ambacho yeye mwenyewe hayuko tayari kukiacha mlangoni. Wa kwanza ametoka na mshitakiwa. Wa pili amekuwa mshitakiwa. Mimi naona kwamba tofauti yote iko hapa, na kwamba maneno makubwa tunayotumia katika semina, msimamo mkali, msimamo wa kati, uasilia, yanaificha zaidi kuliko kuionyesha.

Aya tano mbele ya hiyo ya viatu Musa anaulizwa ni nini hicho alichonacho mkononi. Jibu lingekuwa neno moja: fimbo. Yeye anaeleza kwamba ni fimbo yake, kwamba huiegemea, kwamba huwaangushia kondoo wake majani, na kwamba ana haja nyingine nayo. Wafasiri wengi husema alirefusha maneno kwa utamu wa kuzungumza na Mola wake, na babu hakulikataa hilo. Lakini yeye alikuwa na desturi ya kuhesabu kwa vidole mbele ya wanafunzi wake wa jioni: yangu, mimi, wangu, nina. Ameulizwa habari ya kijiti, akajieleza nafsi yake. Fimbo na Musa vilikuwa vimeshikana hata havikuweza kutajwa mbalimbali. Ndipo anaambiwa aitupe. Anaitupa, inakuwa nyoka, naye, kama zinavyosimulia Sura An-Naml na Sura Al-Qasas, anageuka na kukimbia bila kutazama nyuma.

Nyoka huyo hakutoka porini. Alikuwa kiganjani miaka yote, akiegemewa. Ukisoma kwa dhahiri tu unaona muujiza wa kumwonyesha Firauni, na muujiza upo, sina ugomvi nao. Ukisoma na kwa batini unaona kwamba Musa hakuonyeshwa Firauni kwanza. Alionyeshwa kile alichokiegemea mwenyewe, kikiwa na meno. Baada ya hapo anaambiwa akishike na asiogope, nacho kitarudishwa katika hali yake ya kwanza.

Tazama tena: fimbo haikuvunjwa. Ilirudi mkononi, ikameza hila za wachawi, ikapiga bahari ikapasuka. Hapa nawapinga hata baadhi ya watu wa tarika wanaohubiri kwamba nafsi ni ya kuuawa, muridi awe kwa shehe wake kama maiti mikononi mwa mwoshaji. Maneno hayo ni ya zamani na yana maana yake kwa wenyewe, lakini nimeona yanavyotumika kuwafunga watu midomo. Musa hakufanywa maiti. Alitenganishwa na fimbo kwa muda wa kutosha kuijua, kisha akapewa kazi nayo.

Hofu na unafsi, basi, ni kitu kimoja kilichotajwa kwa majina mawili. Ninachokiita "mimi" ni ile orodha ya Musa: cha kuegemea, cha kulishia, na haja nyingine ambazo sizitaji mbele za watu. Ninachokiogopa ni kunyang'anywa orodha hiyo. Chukua kijana wa Pangane ambaye wavu wake umechanika, hana ada ya shule, na barazani hakuna anayengoja kusikia neno lake. Hofu yake kubwa si njaa, maana njaa ameizoea. Ni kwamba yeye si mtu. Akaja mwenzake na Kurani mkono mmoja na bunduki mkono wa pili, wala hakumwambia atupe alichokishika. Alimpa fimbo kubwa zaidi ya kuegemea, pamoja na jina jipya. Kisha akamfundisha kwamba Firauni ni serikali, ni mzee mwenye tasbihi, ni mwanamke muuza pombe. Kule kambini askari naye ameelezwa kwamba Firauni ni huyo kijana, na pengine kila mvaa kanzu anayesema Kimwani. Kila upande una Firauni wake, na wote wamemkuta kwa jirani.

Masufi wana kauli yao ya kawaida, kwamba ndani ya kila nafsi yumo Firauni anayetaka kusema mimi ndimi mola, na kinachomzuia mara nyingi ni kukosa jeshi tu. Nimewahi kuitaja kauli hii katika semina, mwenzangu mmoja akacheka, akasema huko ni kumlaumu mnyonge. Kicheko chake nitakijibu kwa heshima, kwa kuwa swali lake ni la haki. Je, unamwendea mtu aliyechomewa nyumba Mucojo unamwambia ashinde hofu yake, aikane nafsi yake? Ukifanya hivyo unastahili kufukuzwa.

Batini iliyosomwa vizuri haifanyi hivyo. Sura Al-Qasas inasimulia kwamba Musa alitoka Misri akiogopa, akigeuka huku na huku, na hakuna neno la kumkemea. Hofu ile ya mwili ndiyo iliyomfikisha kwenye kisima cha Madiani. Waliorukia mashua usiku wakaacha chungu jikoni wako pamoja na Musa katika njia ile, na sina aya ya kuwatibu kwa sababu hawaumwi. Hofu ninayoizungumzia ni ile inayobaki mtu akishafika salama, inayokaa naye mkekani na kumchagulia wa kumsalimia. Huko Pemba na vijiji vilivyopokea wakimbizi, lafudhi ya pwani ilitosha kumtilia mtu shaka. Wakimbizi wenyewe walitiliana shaka: nani ana mtoto aliyeko msituni?

Mama yangu mdogo alikuwa akichota maji pamoja na mwanamke ambaye mwanawe alijulikana kuwa amejiunga na wapiganaji. Alikatazwa na majirani, kwanza kwa upole, halafu kwa maneno makali, kwamba na yeye ataandikwa. Akawajibu kwamba mwanawe mwenyewe angekuwa na miaka kumi na minane mwaka ule hajui angefanya nini, na kwamba ndoo ya mwenzake ni nzito. Mama mdogo hajui neno taawili. Ila alilala kila usiku wa utoto wake akisikia, nyuma ya ukuta wa fito na udongo, babu akihesabu kwa vidole: yangu, mimi, wangu, nina. Anayeniambia kwamba usomaji huu ni wa kukimbia dunia aniambie ni nani pale kisimani aliyekuwa ameikimbia.

Watu wa tarika nao wasinishangilie mapema. Shadhiliyya iliingia Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1897, ikiletwa na mashehe wa Kingazija, na Qadiriyya ikafuata miaka michache baadaye kutoka Unguja. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 hizo mbili zilikuwa zimekwisha kuwa nane. Nane! Zilichanwa na ugomvi wa nani awe halifa, silsila ya nani ni sahihi, nani akae wapi. Watu waliofundisha kila Alhamisi usiku kwamba cheo ni pazia kati ya mja na Mola wake walipelekana hadi mbele ya watawala wa Kireno kwa ajili ya cheo. Vijana walioingia msikitini na viatu walikuwa wameliona hilo. Walikuwa na sababu ya kuwadharau wazee, na ni haki tuseme hivyo waziwazi.

Wala jina la tarika halikingi mtu. Sheikh Uways wa Barawa, aliyeeneza Qadiriyya hadi Unguja na kutoka hapo ikashuka kusini, aliuawa mwaka 1909. Hakuuawa na watu waliopinga usufi. Waliomuua walikuwa wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa tarika ya Salihiyya. Pande zote mbili zilikuwa na dhikri, zilikuwa na silsila. Kwa hiyo ninachokitetea hapa si chama wala vazi. Ni tendo la kusoma, na tendo hilo linaweza kukosekana ndani ya zawiya kama linavyoweza kupatikana kwa mtu asiyekanyaga zawiya.

Tena hofu ina soko lake. Mwaka 1908, kutoka Lindi, ilienea ile iliyoitwa barua ya Makka, yenye habari za ndoto na onyo la Kiyama kilicho karibu. Wajerumani, ambao walikuwa wametoka juzi tu katika vita vya Maji Maji, walitetemeka kuliko wenyeji. Barua za namna hiyo hazijafa. Kila mmoja wetu ameipata simuni: watumie watu kadhaa, la sivyo msiba utakufika. Nimewaona wanafunzi wa shahada, watu wa nadharia na mihimili yake, wakiisambaza "kwa tahadhari tu". Tunawacheka wavuvi wa Pangane kwa kutishwa kirahisi.

Nirudi kwenye Al-Inkishafi, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wangu na darasa ulipo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaitazama Pate iliyoporomoka, majumba yaliyojaa popo, mabwana waliokwisha. Tunafundishwa kuusoma utenzi huo kama ushahidi wa kuanguka kwa dola ya Pate, na ni ushahidi mzuri. Lakini anazungumza na nani? Anazungumza na moyo wake mwenyewe. Pate ilikuwa na maadui wa kutosha na mshairi angeweza kuwaapiza ubeti baada ya ubeti. Badala yake anaushika moyo wake, anausogeza mbele ya magofu na kuuuliza unangoja nini. Ule ni usomaji wa batini hasa: gofu limesomwa kama aya, na aya imeelekezwa kwa msomaji. Sisi tunapata alama tano kwa kutaja dhamira ya "ubatili wa dunia" na tunatoka darasani na mioyo yetu haijaguswa na mtu.

Mhadhiri mmoja, ambaye namheshimu, aliniuliza kama batini haina hatari ya kila mtu kusema atakalo. Ikiwa viatu ni dunia mbili na fimbo ni nafsi, nani atamzuia mwingine asiseme kwamba swala ni fikira njema na funga ni kunyamaza? Swali zuri. Ghazali amelijibu nusu: dhahiri ibaki, Musa avue viatu kweli. Nusu ya pili naisema mimi, na nitabishana juu yake na yeyote. Usomaji wa batini lazima umgharimu msomaji. Tafsiri inayoniacha nikiwa mkubwa zaidi ya nilivyokuwa kabla ya kusoma, msafi zaidi ya jirani, mwenye haki zaidi ya kuamuru, hiyo naitilia shaka hata kama imejaa nuru na siri na majina ya mawalii. Kwa kipimo hicho mashehe kadhaa wanaoheshimika wanaanguka, na kwa kipimo hicho mama mdogo, na ndoo yake, anapita.

Kipimo hiki hakihitaji mtu awe Mwislamu ndipo akitumie. Wenzangu Wakristo wanajua vizuri jinsi kisa cha Kutoka kinavyosomwa kila kampeni ya uchaguzi, na jinsi kila mgombea anavyokuwa Musa. Sijawahi kusikia mmoja akijitaja kuwa ndiye Firauni, hata kwa utani.

Ninachokidai kwa idara zetu ni kidogo. Barua za Maputo zipo, zinangoja mtu anayesoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na somo la herufi hizo katika vyuo vingi limekuwa la hiari au limekufa kabisa. Al-Inkishafi tayari imo katika mtaala. Iongezwe wiki moja ya kuuliza ule moyo unaoulizwa ni wa nani. Na Wamwani wametawanyika Pemba, Nampula, hata upande huu wa Ruvuma. Miongoni mwao wamo wazee waliokaa darasa za baada ya isha kama zile za babu, wanaokumbuka kisa cha fimbo neno kwa neno kwa Kimwani, na hawajaandika chochote kwa sababu daftari zilibaki Mucojo. Kila mwaka tunahangaika kutafuta mada za tasnifu na wengi wetu tunaishia kuchambua maandishi ya kwenye daladala. Kinasa sauti kimo katika simu ya kila mmoja wetu. Wazee hao wana miaka sabini na themanini.